Walipohalalisha samasoti ya Surya Bonaly, tayari alikuwa mwalimu

Kuna klipu ambayo nina hakika imeshapita kwenye simu yako. Dada mweusi anateleza kinyumenyume kwenye barafu, anajirusha, miguu inapita juu ya kichwa, halafu anatua kwa mguu mmoja kama mtu aliyeruka mtaro tu wa maji machafu mtaani. Ukumbi mzima unapiga mayowe. Chini ya video kuna maandishi yale yale kila mara: ati hii ndiyo samasoti iliyopigwa marufuku kwa sababu mtu mweusi aliiweza na Wazungu wakashindwa. Klipu hiyo hutoweka miezi kadhaa kisha inarudi, kama ujumbe wa kukumbushwa mkopo wa simu.

Mimi mwenyewe niliisambaza. Zaidi ya mara moja. Baadaye ndipo nikaketi kuisoma hii stori vizuri, na nikagundua kwamba nilikuwa nasambaza uongo mdogo unaoficha ukweli mkubwa zaidi.

Jina lake ni Surya Bonaly, Mfaransa. Klipu ni ya Februari 1998, Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Na samasoti haikupigwa marufuku kwa sababu yake. Aliyeipiga kwanza kwenye Olimpiki ni Mmarekani mweupe kwa jina Terry Kubicka, kule Innsbruck mwaka 1976. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, likaifungia. Surya alizaliwa mjini Nice Desemba 1973, kwa hivyo Kubicka akibinuka Innsbruck, yeye alikuwa mtoto wa miaka miwili. Marufuku ilimkuta ishaandikwa.

Sababu zilizozungumzwa miaka yote ni mbili. Kwanza ni hatari, jambo ambalo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kuanguka sakafuni kwa kisogo, sembuse kwenye barafu. Pili, mruko halali katika mchezo huu hutua kwa mguu mmoja, na waliokuwa wakipiga samasoti walitua kwa miwili. Ikumbuke hiyo sababu ya pili, tutairudia.

Sasa mbona nasema ukweli ni mkubwa zaidi? Kwa sababu ukiiacha hiyo habari ya marufuku, unabaki na mwanamke aliyeshinda karibu kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokitaka, kisha akahamia nchi nyingine kufundisha watoto kuteleza. Hiyo sehemu ya pili hakuna anayeiwekea muziki wa huzuni na kuipandisha TikTok. Ndiyo iliyonishika mimi.

Tuanze nyumbani. Surya alichukuliwa na wazazi wa kulea, Suzanne na Georges Bonaly, akiwa na miezi minane. Suzanne alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mtoto akakulia humo humo, kwenye sarakasi za mikeka, akishindana hasa. Ndiyo maana ukitazama miruko yake unaona kitu tofauti na wengine. Wale wengine wanaelea. Surya analipuka. Miguu ile ilifunzwa kwenye mkeka kabla ya kufunzwa kwenye barafu.

Kocha aliyemwona kule Nice anaitwa Didier Gailhaguet. Shika hilo jina, kwa sababu jamaa huyu anazunguka ndani ya stori kama nzi kwenye kibanda cha matunda. Enzi zile vyombo vya habari viliambiwa Surya amezaliwa kisiwa cha Réunion, huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi, mtoto wa ufukweni kati ya minazi. Stori tamu, ya kuuza magazeti. Lakini haikuwa kweli, alizaliwa Nice, mji wa Ufaransa wenye uwanja wake wa barafu. Kwa hivyo hata kabla hajawa nyota, kuna mtu alishaamua kwamba binti mweusi anayeteleza vizuri hawezi kuwa wa kawaida, lazima aandamane na kisiwa na nazi. Nikifikiria TikTok ya leo na maandishi yake ya uongo, naona ni ugonjwa ule ule, ila sasa sisi ndio tunaosambaza, tena kwa mapenzi.

Haya, rekodi. Bingwa wa vijana duniani 1991. Bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995. Bingwa wa Ufaransa mara tisa. Kwenye Olimpiki ya Albertville 1992, nyumbani Ufaransa, alichaguliwa kula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote. Alikuwa na miaka 18. Kule kule alijaribu mruko wa mizunguko minne, kitu ambacho wanawake wakati huo hata hawakukiota. Waamuzi walisema mzunguko haukukamilika, na tuwe wakweli, hata ukiitazama polepole utaona haukukamilika. Alimaliza wa tano. Lillehammer 1994, wa nne.

Halafu mashindano ya dunia. Hapa ndipo moyo unaanza kuuma. Prague 1993, fedha, nyuma ya Oksana Baiul wa Ukraine aliyekuwa na miaka 15. Chiba 1994, fedha, nyuma ya Yuka Sato wa Japani. Birmingham 1995, fedha, nyuma ya Chen Lu wa China. Miaka mitatu, miji mitatu, mabingwa watatu tofauti, na wa pili ni yule yule mmoja.

Chiba ndiyo inayozungumziwa zaidi. Wakati huo mambo yalikuwa hivi: kulikuwa na majaji tisa, kila mmoja anatoa alama mbili, ya ufundi na ya mvuto wa kisanaa, kiwango cha juu 6.0. Lakini alama zenyewe hazikujumlishwa kama mtihani wa hesabu. Kilichohesabiwa ni kila jaji amemweka nani mbele ya nani. Kwa hivyo ukishinda kwa jaji mmoja kwa tofauti kubwa na ukapoteza kwa mwingine kwa unywele, ni moja kwa moja. Chiba, kilichoamua kati ya Surya na Sato ni mchezo mrefu wa siku ya mwisho. Majaji watano wakampa Sato. Wanne wakampa Surya. Taji la dunia likaenda kwa tofauti ya mtu mmoja, mbele ya mashabiki wa nyumbani wa Sato.

Wakati wa kutoa medali Surya hakupanda jukwaani. Akasimama kando, chini. Ofisa mmoja akamsogeza hadi akapanda. Alipovalishwa fedha yake, akaivua. Watu wakazomea. Analia, waandishi wanamzunguka, na anasema tu kwamba hana bahati.

Nimeitazama ile video mara nyingi kuliko samasoti. Nilipokuwa sekondari niliwahi kusimama na wenzangu nyuma ya ukumbi kwenye tamasha ya muziki, tukisubiri mwamuzi asome matokeo, na akasema sauti zetu zilikuwa safi ila "hatukuwa na mvuto." Mpaka leo sijui mvuto huo ulikuwa unauzwa wapi tuununue. Kwa hivyo kuna sehemu yangu inayomwelewa yule dada kabisa. Kuna sehemu nyingine inayomtazama Sato pembeni, msichana aliyeshinda taji lake la pekee la dunia mbele ya watu wake, na furaha yake ikafunikwa na machozi ya mwingine. Sato hakumwibia mtu. Aliteleza vizuri mno siku hiyo, na wanaojua mchezo watakuambia kwamba kwa usafi wa kuteleza kwenyewe, ule mwendo wa mguu juu ya barafu bila kelele, Sato alikuwa mbele. Surya alikuwa na miruko migumu zaidi. Sasa kipi kina uzito? Kwa mfumo ule, kila jaji alijibu anavyotaka na hakudaiwa maelezo.

Na hapo ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu swali la rangi haliepukiki na sitaki kulijibu kwa kelele. Je, alionewa kwa sababu ni mweusi? Ukiniuliza, nitakuambia neno "mvuto" ni mlango usio na komeo. Yeyote anaweza kuingia nalo, pamoja na mtu mwenye chuki, pamoja na mtu asiye na chuki lakini ambaye maisha yake yote ameona binti mwembamba mweupe akiitwa malaika wa barafu, na ubongo wake ukazoea. Wachambuzi wa wakati huo walimweleza Surya kwa maneno ya nguvu na misuli, mara chache sana kwa maneno ya uzuri. Hakuna jaji aliyeandika popote kwamba anamkata alama kwa sababu ya ngozi. Hakuhitaji kuandika. Mfumo haukumwomba aandike chochote. Lakini pia miruko yake mingi kweli ilikuwa inakosa robo ya mzunguko, na anayekuambia kila medali ya fedha ilikuwa dhahabu iliyoibwa hajatazama mashindano yenyewe. Mambo yote mawili yanaweza kukaa kwenye meza moja. Sisi tunataka jibu la herufi 140.

Mwaka 1996 kano ya kisigino ikakatika. Kwa mtu anayeishi kwa kuruka, hiyo ni kama dereva wa matatu kukatwa mkono. Akarudi, lakini si yule. Kufika Nagano 1998 ana miaka 24, mwili umechoka, baada ya programu fupi yuko wa sita na medali iko mbali. Katikati ya mchezo wa mwisho, ambapo alijua hakuna tena cha kupata, akafanya kile alichokatazwa.

Na akatua kwa mguu mmoja. Unakumbuka ile sababu ya pili? Walisema samasoti si mruko halali kwa sababu inatua kwa miguu miwili. Haya, mguu ni huu mmoja. Mtu alisoma sheria, akaijibu kifungu kwa kifungu, mbele ya dunia nzima, akijua watamkata alama. Wakamkata. Alipomaliza, akasalimu mashabiki huku amewapa majaji mgongo. Nafasi ya kumi. Hakushindana tena kwenye mashindano ya ridhaa.

Klipu huishia hapo. Maisha yakaendelea.

Akahamia Marekani na kuingia kwenye maonyesho ya barafu ya kulipwa, akizunguka miji kwa miaka na kundi la Champions on Ice. Kwenye maonyesho samasoti haijawahi kuwa kosa. Mmarekani Scott Hamilton, bingwa wa Olimpiki 1984, alijulikana kwa hiyo hiyo na alipendwa sana. Kwa hivyo kile kilichomkatia Surya alama Nagano ndicho kikawa mkate wake wa kila siku. Watu walilipa tiketi waje waone kosa. Mwaka 2004 akachukua uraia wa Marekani. Maisha yake akayajenga hasa Las Vegas, na kwa muda Minnesota, na maonyesho yalipopungua akawa kocha.

Kuwa kocha wa kuteleza kule Marekani si kama vile unavyofikiria ukisikia "kocha," yule mwenye tisheti ya serikali na filimbi na mshahara mwisho wa mwezi. Wengi wao wanajitegemea. Wanalipwa kwa somo, somo la nusu saa au hata robo saa, na mzazi ndiye anayelipa. Uwanja unalipishwa kando. Watoto wanakuja alfajiri kabla ya shule au jioni baada ya shule, kwa sababu katikati ya siku wako darasani na usiku barafu ni ya wachezaji wa magongo. Kwa hivyo kocha anaamka saa kumi, anasimama kwenye baridi akiwa amevaa koti kama mtu wa Limuru mwezi wa Julai, akimwambia mtoto wa miaka saba apinde magoti. Tena. Pinda magoti. Mtoto akikosa kuja kwa sababu ana mafua, kwa kawaida hiyo pesa haipo. Kocha akivunjika mguu, hiyo pesa haipo.

Msee, hiyo ni hasla. Ni hasla ile ile unayoiona Jumapili katikati ya jiji la Nairobi, maduka yakiwa yamefungwa, vijana wakikodisha viatu vya magurudumu na kufundisha watoto wa watu kwa pesa ya nusu saa. Mimi nilifundishwa pale na chali ambaye hajawahi kuuliza kama nina cheti, wala mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimetoka kuacha chuo, sina mpango, na yeye alinishika mkono akaniambia usiangalie miguu, angalia unakoenda. Nililipa mia mbili. Alikuwa mwalimu bora kuliko wahadhiri wangu wengi, na hilo nalisema bila chuki, wao walikuwa mia tatu kwa mmoja.

Barafu yenyewe tunaijua kidogo, wale tuliowahi kuchungulia uwanja wa Panari pale Mombasa Road ambao ndio uliolea timu ya magongo ya Ice Lions. Wengi wetu tulienda mara moja, tukaanguka, tukapiga picha, tukarudi nyumbani.

Kwa Surya kuna kitu kigumu zaidi ya kuamka mapema. Fikiria. Wewe ni mtu ambaye mfumo wa alama ulikukataa, ukaupa mgongo mbele ya dunia. Sasa mzazi anakuletea binti yake na kukulipa ili umfundishe kupata alama kwenye mfumo huo. Huwezi kumfundisha kuasi. Mama yake hajalipa kwa ajili ya uasi, amelipa ili mtoto apite mtihani wa ngazi inayofuata. Lazima umfundishe kutabasamu, kunyoosha mkono, kumaliza mzunguko wote usikatwe robo. Lazima umfundishe yale yale mambo ambayo majaji walisema wewe huna. Sijui mtu anabeba vipi hilo kila alfajiri. Ila naona kwamba ndiyo kazi ambayo haina klipu.

Na si yeye wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na Mabel Fairbanks, mwanamke mweusi wa Marekani aliyezuiwa kuingia viwanja vya barafu miaka ya 1930 kwa sababu ya rangi. Hakupewa nafasi ya kushindana, kabisa. Akateleza kwenye maonyesho, kisha akawa kocha Los Angeles. Akapigania wanafunzi wake waingizwe kwenye vilabu vilivyokuwa vya weupe tu. Mmoja wao, Atoy Wilson, mwaka 1966 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda taji la kitaifa la Marekani kwenye mchezo huo, ngazi ya chipukizi. Ni Fairbanks aliyewaunganisha watoto wawili, Tai Babilonia na Randy Gardner, wakaja kuwa mabingwa wa dunia 1979. Yeye mwenyewe waliingiza jina lake kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo Marekani mwaka 1997, miaka minne kabla hajafa. Aliyefungiwa mlango akawa ndiye anayefunga kamba za viatu vya wanaoingia.

Nimesema nitarudi kwa Gailhaguet. Kocha wa zamani wa Surya alipanda hadi kuwa rais wa shirikisho la Ufaransa la michezo ya barafu. Mwaka 2002, Olimpiki ya Salt Lake City, jaji wa Ufaransa Marie-Reine Le Gougne alijikuta katikati ya kashfa ya kura za kubadilishana kwenye mashindano ya watu wawili wawili. Alisema kwanza kwamba alishinikizwa na Gailhaguet, baadaye akageuza kauli, na Gailhaguet akakana. Wote wawili wakafungiwa miaka mitatu na ISU. Ikabidi Wakanada wapewe dhahabu ya pili, na ule mfumo wa 6.0, ule ule uliokula taji la Chiba, ukatupwa na kuletwa mfumo mpya wa kuhesabu kila kipengele. Kwa hivyo mfumo haukubadilishwa kwa sababu msichana mweusi alilia jukwaani Japani. Ulibadilishwa kwa sababu wakubwa walishikwa. Na Gailhaguet? Akarudi kuwa rais tena mwaka 2007, akakaa hadi Februari 2020 alipojiuzulu kwa shinikizo la serikali, baada ya bingwa wa zamani Sarah Abitbol kueleza kwamba alibakwa na kocha wake akiwa msichana mdogo, na maswali kuelekezwa kwa shirikisho lililoendelea kumpa kocha huyo nafasi. Linganisha njia hizo mbili. Mmoja alifungiwa akarudi ofisini. Mwingine alibinuka mara moja, akaenda kufundisha watoto nchi ya mbali.

Sasa tuje karibu na leo. Januari 2024, mashindano ya Ulaya mjini Kaunas, Mfaransa Adam Siao Him Fa, kijana ambaye familia yake ina asili ya Mauritius, akapiga samasoti katikati ya mchezo wake na kukatwa alama mbili. Akashinda ubingwa hata hivyo. Machi, mashindano ya dunia Montreal, akairudia, na kutoka nafasi ya 19 baada ya programu fupi akapanda hadi shaba. Alikuwa na akiba ya alama za kutosha kulipia faini. Ni kama tajiri anayeegesha gari mahali pasiporuhusiwa kwa sababu faini kwake ni chai tu.

Juni 2024, ISU ikaketi kwenye kongamano lake na kuiondoa samasoti kwenye orodha ya makosa. Hoja yao ilikuwa kwamba mruko huo unavutia sana na haina maana tena kuukataza. Na waliketi wapi? Las Vegas. Mji huo huo wa Surya. Alikuwa na miaka 50. Hawakumrudishia kitu, na kwa haki hakuna cha kurudisha, kwani matokeo ya 1998 ni matokeo ya 1998.

Msimu uliofuata, Mmarekani Ilia Malinin, yule kijana aliyekuwa wa kwanza duniani kukamilisha mruko wa akseli wa mizunguko minne na nusu mwaka 2022, akaiweka kwenye programu zake na kumbi zikalipuka. Kwenyewe samasoti haina thamani ya alama kwenye orodha ya miruko. Unaipiga kwa ajili ya watu. Mitandaoni watu wakaanza kulalamika kwamba Malinin anasifiwa kwa kile Surya aliadhibiwa. Naelewa hasira hiyo. Lakini Malinin hakuandika sheria, alizaliwa Desemba 2004, miaka sita baada ya Nagano. Kama una hasira, ielekeze kwa waliochukua karibu miaka 50 kugundua kwamba kitu kinachofanya watu wasimame vitini si adui wa mchezo.

Swali langu mimi ni la upande wa walimu. Shirikisho likishasema samasoti ni ruksa, nani atafundisha watoto kuipiga bila kuvunja shingo? Kwa miongo yote hiyo haikuwa kwenye mtaala wa mtu. Maarifa yake yalibaki kwenye miili ya wachache, wengi wao watu wa maonyesho, na mwenye jina kubwa zaidi kati yao ni mwanamke anayelipwa kwa nusu saa. Ingekuwa ni kampuni, wangemtafuta kwa simu usiku huo huo.

Kuna jambo moja la mwisho nililoliona nikipitia majina. Yuka Sato, yule wa Chiba, naye alihamia Marekani akawa kocha, huko Detroit, na wanafunzi wake wamefika Olimpiki. Wale wawili wa jukwaa lile la machozi wanafanya kazi moja katika nchi moja. Halafu fungua orodha ya wanawake wa Nagano 1998. Nafasi ya kumi, Surya Bonaly, Ufaransa. Panda nafasi mbili juu, ya nane, utakuta jina la Tatiana Malinina wa Uzbekistan. Naye alihamia Marekani na kuwa kocha, jimbo la Virginia, pamoja na mumewe Roman Skorniakov aliyeshindana Nagano upande wa wanaume. Mwanafunzi wao anayejulikana zaidi ni mtoto wao wa kumzaa, Ilia.